Kashata Kwenye Shamba la Maharage

DT ilifika Karatu Alhamisi usiku, imelazwa ubavu juu ya Fuso lililokuwa limetoka kushusha vitunguu vya Mang'ola huko Tanga. Ilinuka vitunguu siku zote nne nitakazozisimulia hapa. Ni Yamaha DT 125, umri wake unamzidi mwanangu wa kwanza, ya ukoo ule ule wa pikipiki ambazo zamani zilikuwa za mapadri, maafisa ugani na mabwana afya, watu waliotakiwa kufika mahali gari lingekwama. Aliyeniuzia alinihakikishia kwa simu kwamba haina tatizo lolote. Kila aliyewahi kununua pikipiki kwa mtu anajua maana ya maneno hayo.

Nilikuwa nimeshajiandikisha kwa mbio za Jumapili. Nasema kujiandikisha, ila fomu haikuwepo. Lilikuwepo kundi la wapenda pikipiki, na mkulima mmoja wa upande wa Rhotia aliyekubali kwamba maharage yakishavunwa, shamba lake tulichafue kwa siku mbili. Kwa miaka kumi nimekuwa nikifuata habari kwa Boxer, kwenye lami na kwenye makorongo, mvua na vumbi. Nilijiona dereva. Kilichokuwa kimepungua, nilidhani, ni chombo tu.

Ijumaa asubuhi fundi wangu alipiga kiki mara sita kabla injini haijakohoa. Moshi ulijaa karakana hadi mama ntilie wa jirani akafunika sufuria zake. Fundi akafungua plagi, akanionyesha: nyeusi, imejaa masizi kama sehemu ya chini ya chungu. "Hii bado iko Tanga, kaka," akasema.

Hakuwa akitania. Tanga ni usawa wa bahari. Karatu tuko mita kama 1,500 juu yake, na hewa ya huku ni nyepesi kwa kadiri ya asilimia 15. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani huendelea kumwaga petroli ile ile, wakati hewa ya kuichoma haitoshi. Injini inashiba kupita kiasi, inakuwa nzito, plagi inachafuka. Dawa yake ni kakipande ka shaba kenye tundu la kupitishia mafuta, kadogo kuliko punje ya mahindi: unatoa chenye tundu kubwa, unaweka chenye tundu dogo. Fundi alikuwa navyo kwenye kopo la maziwa. Akaosha sponji ya kuchujia hewa, akailowesha oili ili inase vumbi, akanifungia tairi za kashata mbele na nyuma. Kwa msomaji asiyepanda pikipiki: zinaitwa hivyo kwa sababu zimekatwa vipande vipande kama kashata ya nazi, na vipande hivyo ndivyo vinavyong'ata udongo. Kwenye lami zinanguruma na kutetemesha meno.

Jumamosi alfajiri, ukungu ukiwa bado umeukalia mji, niliipandisha DT kuelekea Ngorongoro ili kuizoea. Lami hiyo huishia lango la Lodoare, na hapo ndipo na mimi nilipoishia, maana msafiri haruhusiwi kuingia hifadhini kwa pikipiki. Sioni ubaya wa katazo hilo. Tembo wa msitu ule hushuka hadi kwenye mashamba yetu, na sijawahi kutamani kukutana nao nikiwa nimekaa juu ya tangi la petroli. Niligeuza.

Kushuka ndiko kulikonifundisha. Boxer ni fostroki, kama bodaboda karibu zote za leo: ukiachia resi kwenye mteremko, injini yenyewe inakushika. DT ni tustroki. Ukiachia resi, haikushiki hata kidogo. Inateremka nawe kana kwamba umeikata cheni. Kona ya kwanza niliingia nikiwa na mwendo ambao sikuuomba, breki ya mbele ikaanza kunuka, na vitunguu vikapata mwenzao. Na ukitaka nguvu nako kuna mambo yake. Boxer inavuta tangu chini, polepole, kama ng'ombe. DT mwanzoni hailalamiki wala haivuti, unaweza kudhani imezima, halafu resi ikifika juu inaruka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia.

Mchana tulitembea kwa miguu kwenye njia ya mbio: mzunguko wa kilomita moja na nusu hivi, unaopita kando ya korongo, unazunguka mgunga mmoja mkubwa, kisha unarudi kwenye matuta ya shamba yaliyokauka. Baba wa mwenye shamba, mzee wa Kiiraqw aliyejifunika shuka zito na kushika fimbo, alitufuata nyuma. Nikamuuliza kama amewahi kuona mashindano. Akacheka. Alikulia Mbulu.

Kwa vijana wa sasa mashindano ya magari ya Safari Rally ni ya Kenya peke yake. Ilipoanza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na katika miaka ya 1960 barabara za Mbulu na mteremko wa Magara zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizowatoa jasho madereva. Mtu wa kwetu, Bert Shankland wa Dar es Salaam, aliishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404, gari ambalo wengi tulilijua kama teksi. Mzee hakukumbuka jina lolote. Alichokumbuka ni tope, kusukuma magari, na jambo moja lililomshangaza utotoni: "Sisi tulikuwa tunakwepa mashimo. Wale walikuwa wanayaendea."

Nilitabasamu kwa adabu. Nilidhani ni hadithi za wazee.

Jumapili, baada ya misa, tulikuwa waendeshaji 11. Wawili walikuwa na pikipiki halisi za motokrosi, zilizoletwa kwenye pikapu kutoka Arusha. Waliobaki tulikuwa mchanganyiko: Honda kuukuu, DT yangu, na bodaboda zilizovuliwa madgadi, taa na kiti cha abiria. Kamba ya manila ikavutwa mbele yetu. Ikadondoshwa.

Resi ilikuwa juu, mbuzi akaruka, na nikajikuta wa kwanza kwenye kona ya kwanza. Hapo akili ilinikimbilia kwa Filbert Bayi. Huwezi kukulia Karatu bila kusimuliwa jinsi mtoto wa hapa alivyotoka mbele Christchurch tarehe 2 Februari 1974, akabaki mbele mwanzo hadi mwisho wa mita 1,500, akamaliza kwa dakika 3 sekunde 32.2, rekodi ya dunia, huku John Walker wa New Zealand akimfukuzia kwa kasi ambayo nayo ilivunja rekodi ya zamani. Mimi nami natoka mbele, nikawaza. Ubayi wangu ulidumu kama sekunde 20.

Mbele kulikuwa na bonde dogo, urefu wa hatua mbili. Mkono wangu, bila kuniuliza, uliachia resi. Mguu ukagusa breki. Nikalitafutia bonde lile pembeni pake, kama nimwonavyo kila dereva mwenye busara akifanya njia ya Mang'ola. Watatu wakanipita kwa juu. Wa tatu alikuwa kijana juu ya TVS, amesimama wima kwenye vikanyagio, magoti yamelegea, pikipiki ikirukaruka chini yake kama si ya kwake. Yeye kichwa chake hakikutikisika.

Miaka yangu kumi ilinigeukia kwenye shamba lile. Barabarani nimejifunza kukaa, kwa sababu nyuma kuna abiria au begi. Kukwepa shimo, kwa sababu rimu ni pesa. Kuachia resi nisipoona mbele. Kwenye mbio, tairi la mbele likipunguza mwendo kwenye udongo mlegevu linazama na kukugeuza, na ukivuta resi linanyanyuka na kuelea. Mtu aliyekaa hupokea kila pigo kwa uti wa mgongo. Mzunguko wa tatu mikono ilikuwa imekaza kama kuni, maana nilijishikilia kwa usukani badala ya kubana tangi kwa magoti, na vidole havikufika kwenye klachi. Kwenye kona ya mgunga niliwasha indiketa. Watu waliona. Bado wananikumbusha.

Nilimaliza wa saba. Wawili waliharibikiwa, mmoja alikata tamaa kwa vumbi, kwa hiyo hesabu ifanyeni wenyewe.

Aliyeshinda ni yule wa TVS, aliyezishinda hata pikipiki za pikapu. Zawadi ilikuwa lita 20 za petroli. Aliposhuka hakushangilia sana. Alikuwa akifunga kiti cha abiria. Chombo si chake, yuko kwenye mkataba, na hesabu ya bosi ya siku ile bado ilikuwa inamngoja jioni. Nikamuuliza amejifunza wapi kusimama vile. "Njia ya Endabash, mzee, nikirudi bila abiria," akasema. "Ukikaa unachoka."

Kwa mbio kama hizi wenzetu wa Uganda wana uwanja wa Busiika, kaskazini mwa Kampala, na Nairobi kuna Jamhuri. Kwenye motokrosi mtoto huanza na kipikipiki cha cc 50, akikua anapewa cha 65, kisha cha 85, na kila hatua mzazi analipia. Kwetu kijana anaanza na cc 125 au 150, amebeba mshikaki na gunia la mkaa juu ya tangi, na anayemwekea saa ni bosi tu. Sijui ni nani kati ya vyama na wafadhili wetu wa michezo aliyewahi kusimama kijiweni Karatu saa kumi na mbili asubuhi akatazama vijana hawa wanavyopanda mlima wenye utelezi. Mimi nimesimama pale miaka yote hii, nikiandika ajali.

Jumatatu DT ilibaki kwa fundi. Nilimpakia jirani yangu kwenye Boxer, na trei ya mayai anayopeleka sokoni kila wiki. Tulipokaribia tuta la kwanza nikajikuta nimesimama kwenye vikanyagio, magoti yamelegea, resi imevutwa.

"Jirani," aliuliza kutoka nyuma, sauti ikiwa imebanwa, "umeona nini huko mbele?"

Mayai manne. Nililipa.