Kabla ya Krismasi, fika Machakos kwa rafiki

Kama una rafiki Machakos, msomaji mpenzi, usingoje Krismasi yenyewe ndipo ufunge safari. Wiki ile ya mwisho Nairobi nzima hurudi vijijini, na nauli za matatu hupanda hata mwenyeji akaguna. Vuka Namanga mapema, pasipoti mkononi. Ukishafika Nairobi, zimebaki kama kilomita 63 tu.

Mji ni mdogo, lakini usiudharau. Waingereza waliufanya makao ya kwanza ya utawala wao huko bara, hadi 1899 walipohamia Nairobi kwa kuwa reli ilipita mbali nao. Mwombe rafiki akupeleke Kyamwilu, ambako maji huonekana yakipanda mlima. Wataalamu husema ni macho tu yanayodanganywa na umbo la vilima. Sawa, lakini mwaga chupa ya maji barabarani kwanza, ndipo ubishe.

Hata hivyo, kwa mtu wa Dar es Salaam, safari haijatimia bila kufika Wamunyu kwa wachonga vinyago. Inaelezwa kuwa ufundi huo ulipelekwa huko na Mutisya Munge, aliyejifunza kwa Wazaramo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kumbe yule twiga utakayembishania bei ana babu Uzaramo! Mweleze mchongaji hivyo. Huenda akakupunguzia, huenda akacheka tu.

Nyumbani utaandaliwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharage, kisha embe, maana Desemba ni msimu wake. Nawe usiende mikono mitupu. Mama wa rafiki yako hatasema neno, lakini kanga ya Dar ataipokea kwa mikono miwili.