Programu Inaposubiri: Miunganisho ya Hifadhidata katika Lugha ya Go

Lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009, huiwezesha programu moja kuendesha maelfu ya kazi kwa pamoja, kila moja ikiitwa gorutini. Aghalabu gorutini hizo hugawana akiba moja ya miunganisho ya hifadhidata. Iwapo mtungaji ameweka kikomo cha miunganisho 10, na gorutini ikasoma sehemu tu ya matokeo kisha ikatoka bila kuyafunga, muunganisho wake haurudi akibani. Yakitukia hayo mara 10, kila ombi lifuatalo husubiri pasi na mwisho, isipokuwa limewekewa muda.

Hapo ndipo wengi hupotoka: hupima matumizi ya prosesa wasione kitu, kwani gorutini isubiriyo haiitumii. Kipimo kifaacho ni kile cha pprof kiorodheshacho gorutini zote na mahali zilipokwama. Nyingi zikionekana zikingojea muunganisho, ni dalili kwamba miunganisho hairejeshwi, au hushikwa mno. Ikiwa hairejeshwi, kuongeza kikomo huahirisha tu msiba. Dawa ni kuagiza ufungaji kwa neno defer, mara matokeo yapatikanapo bila kosa.