Nyota inayotema ili ikue

Tangu Septemba 2025, ilipotolewa ile picha ya darubini ya James Webb yenye mkuki wa gesi unaotanda miaka 8 ya nuru, simu yangu haijapumzika. Mkuki huo unatoka kwenye nyota changa yenye uzito mara kumi ya Jua, katika eneo linaloitwa Sh2-284, pembezoni mwa galaksi yetu. Wengi wameuliza: nyota hiyo inakufa? Haifi, inazaliwa. Wengine wameuliza kama rangi zile ni za kweli. Webb inaona mwanga ambao jicho la mtu haliuoni, kwa hiyo rangi hupakwa baadaye na wataalamu ili tuelewe kilichomo.

Lakini lipo swali lililonikera. Msomaji mmoja anataka kujua kama huko ndiko "kusafisha nyota", kule kunakotangazwa kwenye karatasi za nguzo za umeme, sambamba na kurudisha mpenzi na kushinda kesi. Ameshalipia ndoo ya maji na chumvi ya mawe.

Chumvi tutaifikia. Tuanze na gesi.

Nyota huzaliwa ndani ya wingu baridi la gesi na vumbi linalojikunja kwa uzito wake lenyewe. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni haidrojeni, ambayo ikiwa baridi haisikiki kirahisi. Wataalamu humtafuta mwenzake anayeongozana naye, kaboni monoksidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Mwaka 1970 Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias waliinasa katika Nebula ya Orion, kwa mawimbi ya redio yenye urefu wa milimita 2.6. Miaka michache baadaye ikaonekana kwamba mawimbi yanayotoka kwenye kitovu cha wingu lile yametawanyika kupita kiasi: mengine yamebanwa, mengine yamevutwa, kama honi ya basi inavyobadilika sauti likikujia na likikupita. Maana yake ni moja. Kuna gesi inayotujia na gesi inayotukimbia, kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa sekunde.

Hapo ndipo dhana ya kwamba nyota changa kazi yake ni kumeza tu ilipovunjika. Inameza, na papo hapo inatema.

Kwa nini iteme? Wingu linalojikunja huwa linazunguka, hata kama ni polepole sana, na kadiri linavyobana ndivyo linavyozunguka kwa kasi. Gesi hujilaza na kuwa sahani kubwa kuizunguka nyota. Sasa balaa: gesi iliyoko kwenye sahani inazunguka mno kiasi kwamba haiwezi kudondokea katikati. Bila kupunguziwa mzunguko, nyota inalala njaa huku sahani imejaa.

Anayeipunguzia ni sumaku. Sahani imechomwa na mistari ya sumaku, nayo inazunguka pamoja na mistari hiyo. Chukua mtoto anayewinga ndege kwenye shamba la mpunga kwa kombeo: anazungusha, anaachia, jiwe linaenda. Gesi iliyonasa kwenye mstari wa sumaku ndiyo jiwe. Mstari ukiwa umelala vya kutosha, pembe yake na sahani ikiwa chini ya digrii 60, gesi haiwezi kutulia. Inateleza kuelekea nje, inarushwa juu na chini ya sahani, na inapoondoka inabeba sehemu ya mzunguko. Ile inayobaki imepungukiwa na mzunguko, basi inadondoka na kuliwa. Naweza kulieleza jambo hili mpaka alfajiri. Nyumbani kwangu wamekwisha kulichoka.

Kama kombeo ni la kweli, basi gesi inayorushwa lazima iwe bado inazunguka inapopaa. Mwaka 2017 Tomoya Hirota na wenzake walieleza kwamba wameiona. Walitumia ALMA, antena 66 zilizosimikwa kwenye jangwa la Chile, mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, wakailenga nyota iitwayo Source I, ndani ya Orion, umbali wa kama miaka 1,350 ya nuru. Mfoko wake, yaani gesi inayotemwa, unazunguka upande ule ule unaozunguka sahani. Unakwenda kama kilomita 20 kwa sekunde, yaani Dar es Salaam hadi Morogoro kwa sekunde kumi.

Kwa nyota nzito kama hiyo, inayokadiriwa kuwa na uzito wa Jua mara 15, mfoko una kazi ya pili. Mwanga wake ni mkali kiasi cha kulisukuma vumbi, na zamani mahesabu yalionyesha kwamba msukumo huo ungefukuza chakula chote kabla nyota haijakua. Mfoko hutoboa wingu juu na chini, mwanga ukapata dohani ya kutokea, na huku ubavuni sahani inaendelea kulisha.

Sasa chumvi. Mwaka 2019 kundi lililoongozwa na Adam Ginsburg lilitangaza kuwa limekuta molekuli za chumvi, hii hii ya mezani, zikiizunguka Source I. Kwa hiyo ndiyo, nyota ina chumvi na ndiyo, nyota changa inajiondolea gesi na vumbi. Inafanya hivyo peke yake, bila ndoo, bila kuku mweusi, bila namba ya simu ya kutuma pesa. Hakuna hata chembe ya mfoko huo inayogusa kazi yako, ndoa yako au mtihani wa mwanao, na anayekwambia vinginevyo anakuibia.

Ushauri wenyewe ni mfupi. Pesa iliyobaki usimpelekee mtu wa ndoo. Na kwa ajili ya ile kaboni monoksidi, jiko la mkaa lisilale chumbani na watu, hata kama mvua inanyesha. Ukisikia kichwa kinauma na kichefuchefu, tokeni nje wote, muwahi hospitali.

Na ukitaka kuona mahali zinapozaliwa nyota zisizosafishwa, subiri Februari, saa tatu usiku. Tafuta nyota tatu zilizopangana mstari, kisha zile hafifu zinazoning'inia upande wa kusini. Kadoa kenye ukungu katikati yao ndiyo Nebula ya Orion, na kwa aliyesimama Dar es Salaam hupita karibu kabisa na utosi. Maswali mengine leteni, ila ya ndoo nimeshajibu.