Mtetea Bado Hajataga? Mpime Nyonga

Vifaranga waliofika nyumbani Januari sasa ni mitetea wakubwa, wanamaliza debe la pumba, na mwenye kuku kila asubuhi anafunua kiota hakuna kitu. Kabla hujawauza kwa hasira, kumbuka mbegu uliyonunua. Kuku wa kisasa wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Chotara kama Kuroiler na Sasso hufika miezi mitano au sita. Wa kienyeji anayejitafutia jalalani anaweza kukaa hadi miezi minane, na minyoo au njaa humsogeza mbele zaidi.

Kwa hiyo mimi huangalia mwili kuliko kalenda. Kishungi kilichokuwa kidogo na cheupecheupe hukua na kuiva wekundu, ndevu vilevile. Halafu mshike usiku, akiwa ametulia bandani, upapase mifupa miwili ya nyonga iliyo pembeni mwa tundu la kutagia. Ikiwa imebanana kiasi cha kidole kimoja, bado. Vidole viwili vikipita bila kulazimisha, andaa kiota. Anayetaga tayari huchukua hata vitatu. Ishara ninayoiamini kupita zote ni ya mwisho: ukimgusa mgongoni anachuchumaa na kutanua mabawa kidogo, kama anayempokea jogoo. Hapo zimebaki siku chache. Utamsikia pia akitetea na kuchungulia kila kona yenye giza.

Kosa linaloumiza kuku kimyakimya ni haraka ya chakula. Chakula cha kuku wa mayai kina madini ya chokaa (kalsiamu) karibu asilimia 4, ya kujengea ganda. Tembe wa miezi mitatu hana ganda la kujenga, na chokaa hiyo ya ziada hupitia kwenye figo na inaweza kuziharibu. Mwache kwenye chakula cha wakuaji mpaka wiki ya 18 hivi, au yai la kwanza lionekane. Ukichanganya umri banda moja, wape wote cha wakuaji, kisha weka magamba ya kombe yaliyopondwa kwenye chombo cha pembeni. Wanaotaga watayafuata wenyewe.

Taa za usiku? Ushauri huo unafaa zaidi Ulaya, ambako mchana wa majira ya baridi hufupika mno. Morogoro au Kisumu jua hutoa saa kama 12 mwaka mzima, na tembe anayesukumwa na taa kabla mwili haujakomaa hutaga vijiyai, hata mfuko wa mayai unaweza kumtoka nje.

Chanjo ya mdondo iwe imetolewa kabla ya kutaga. Jogoo si lazima, isipokuwa unataka vifaranga. Na mayai ya mwanzo yakija madogo, yenye viini viwili au bila ganda, usishtuke. Ila yakiendelea kuwa laini baada ya wiki mbili tatu, ongeza chokaa.