Ari pekee haitoshi kumpasisha mwanafunzi wa chuo kikuu

MWANAFUNZI anayejiunga na chuo kikuu huuzoea upesi utaratibu wa mihadhara. Mhadhiri hunena, yeye huandika, na mwisho wa muhula huyarejesha yale yale katika karatasi ya mtihani. Wengi hufaulu kwa njia hiyo, lakini muda si mrefu huwa wameyasahau mengi waliyoyakariri.

Kasoro hii ni miongoni mwa zilizowasukuma waasisi wa kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton nchini Canada, kubuni njia tofauti mwaka wa 1969. Masomo yalianza na tatizo, si mhadhara. Maastricht, nchini Uholanzi, ilifuata mwaka wa 1974. Hapa Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuitumia mbinu hiyo mjini Eldoret kilipowapokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka wa 1990.

Wanafunzi wapatao kumi huketi pamoja na mwalimu ambaye kazi yake si kuhutubu, bali kuuliza na kuelekeza. Hupewa kisa. Kwa mfano, mtoto wa miaka mitatu ameletwa hospitalini akiwa na homa ya siku tatu, viganja vyake vimepauka na hana nguvu hata za kuketi.

Kwanza hufafanua maneno yasiyoeleweka, kisha hukubaliana tatizo ni lipi na kujaribu kulieleza kwa ujuzi walio nao. Mmoja akitaja malaria, mwingine huuliza: iweje mbu aume ngozi, kisha mtoto aishiwe damu? Wasilolijua huorodheshwa, na kila mmoja huenda kulisoma.

Wanapokutana tena baada ya siku chache, hueleza walichopata: kwamba vimelea vya malaria huingia katika chembechembe nyekundu za damu na kuziharibu, na kwamba zikipungua, mwili hukosa oksijeni ya kutosha. Aliyelitafuta jibu hilo mwenyewe si rahisi alisahau.

Kwa nini mbinu hii huamsha ari? Wanasaikolojia wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, wanaeleza kuwa binadamu hujituma kwa hiari yake anapotimiziwa mahitaji matatu: uhuru wa kujiamulia, kujiona ana uwezo, na kuwa na uhusiano mwema na wenzake. Kikundi kinachojadili tatizo lililotungwa vyema huweza kuyatimiza yote matatu.

Hata hivyo, ari ni jambo moja na alama ni jambo jingine. Mwaka wa 2003, Filip Dochy na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 43 kuhusu mbinu hii. Walibaini kuwa wanafunzi walioitumia waliwashinda wenzao katika kutumia maarifa, lakini walikuwa nyuma kidogo katika mitihani ya kupima wingi wa maarifa hayo. Jambo la kutia moyo ni kwamba waliyojifunza waliyakumbuka kwa muda mrefu zaidi.

Wapo waliotilia shaka. Mwaka wa 2006, Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walionya kuwa akili ya anayeanza somo haiwezi kushika mambo mengi mapya kwa wakati mmoja, na akiachiwa tatizo bila mwongozo, huchoka kabla ya kujifunza. Henk Schmidt na wenzake waliwajibu mwaka uliofuata kwamba mbinu hii, ikitekelezwa ipasavyo, haimwachi mwanafunzi peke yake: kisa huchaguliwa kwa makini, kikundi ni kidogo na mwalimu yupo.

Mjadala huo unaonyesha penye uzito. Kisa kikiwa rahisi mno hakizui swali, na kikiwa kigumu mno huvunja moyo. Mwalimu akigeuza kikao kuwa mhadhara, uhuru hutoweka. Akinyamaza kabisa, wavivu hujificha nyuma ya wenye bidii.

Lakini linaloamua zaidi ni mtihani. Wanafunzi husoma kulingana na wanavyotahiniwa. Chuo kinachofundisha kwa matatizo kisha kikatahini kwa kukaririsha huwafunza wanafunzi wake kwamba maswali yao hayana faida. Wenye ari ndio huumia kwanza, maana muda walioutumia kuchunguza hauwaletei alama.

Kwa Kenya, suala hili lina tarehe yake. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi, walioingia Gredi ya 10 Januari 2026, wanatarajiwa kufika vyuoni mwaka wa 2029. Mtaala huo unakusudia wajifunze kwa kutenda na kudadisi. Wakikuta kumbi zilizofurika na mitihani ya kukariri, mazoea hayo yatafifia.

Gharama nayo haifichiki. Darasa la wanafunzi 300 likigawanywa katika vikundi vya kumi kumi huhitaji vikao 30, na kila kikao mwalimu wake. Chuo kisichoweza kuwapata wote kinaweza kuanza na somo moja, mradi mtihani wa somo hilo nao ubadilishwe. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Kinachosalia ni vyuo kulipa swali alama zake.