Shairi Huru Si Shairi Lisilo na Umbo

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hebu nianze kwa kukiri kosa langu. Katika mtihani mmoja wa muhula, niliwauliza wanafunzi wa Kidato cha Tatu waeleze umbo la shairi huru. Mmoja wao aliandika kuwa mshororo mrefu hufuatwa na mfupi katika kila ubeti. Nilikata jibu lake kwa wino mwekundu kwa sababu mwongozo wangu wa kusahihisha ulisema tu: "Halina vina wala mizani." Alinijia na karatasi yake, tukahesabu pamoja. Alikuwa amesema kweli.

Kosa hili lina historia. Sheikh Amri Abedi alipoeleza sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, vina na mizani vilikuwa ndio uti wa mgongo wa ushairi. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, mjadala mkali ukazuka kuhusu mashairi yasiyofuata arudhi. Mjadala ule umepoa, lakini umetuachia mazoea ya kulieleza shairi huru kwa yale lisiyokuwa nayo. Hebu tutazame shairi moja fupi la kisasa, tuone lina nini.

Shairi lenyewe ni "The Red Wheelbarrow" la William Carlos Williams, daktari na mshairi wa Rutherford, New Jersey, nchini Marekani. Lilitoka mwaka 1923 katika kitabu chake Spring and All. Litafute uliweke mbele yako, kisha uhesabu.

Umbo

Shairi lina beti 4, kila ubeti una mishororo 2. Mshororo wa kwanza wa kila ubeti una maneno 3, na wa pili neno 1. Jumla ni maneno 16. Ukihesabu silabi, mishororo ya kwanza ina 4, 3, 3 na 4, ilhali kila mshororo wa pili una 2. Kwa hivyo ubeti wa kwanza na wa mwisho zinalingana, na mbili za katikati zinalingana. Je, huu si mpangilio?

Aidha, shairi zima ni sentensi moja. Halina herufi kubwa, wala alama ya uakifishi ndani ya sentensi hiyo. Mishororo yake ni mishata, yaani haijitoshelezi kimaana. Mara mbili mshairi anakata katikati neno ambatano: jina la wilbaro na lile la maji ya mvua. Athari yake ni nini? Msomaji analazimika kupunguza mwendo. Anaona gurudumu kwanza, kisha chombo kizima. Baadhi ya wahakiki wamesema kuwa kila ubeti, kwa mshororo wake mrefu juu na mfupi chini, unafanana na wilbaro yenyewe.

Taswira

Ubeti wa kwanza unatuambia kuwa mengi yanategemea kitu fulani, lakini haukitaji. Tunabaki na hamu. Ndipo inapokuja wilbaro nyekundu, iliyoloa mvua, kando ya kuku weupe. Rangi mbili zinakinzana na kila kimoja kinaonekana wazi.

Tashbihi haipo. Sitiari ni moja, nayo imejificha: neno linaloeleza mng'aro wa mvua hutumika pia kwa vyombo vya udongo vilivyopakwa rangi ya kung'aa. Maji ya mvua yamekigeuza chombo cha kazi kuwa kitu cha kutazamwa.

Hapa ndipo watahiniwa wengi huteleza. Wakiona wilbaro, huuliza papo hapo inaashiria nini, kisha huandika kuwa ni jazanda ya ukoloni, ya umaskini au ya maendeleo. Tenganisha taswira na jazanda. Taswira ni picha inayojengwa akilini. Jazanda ni picha inayosimamia jambo jingine. Ukidai jazanda, onyesha neno ndani ya shairi linalokuruhusu kudai hivyo. Shairi hili halisemi lolote kuhusu ukoloni. Linasema tu kwamba kifaa cha kawaida ni muhimu.

Mwaka 2015 mhakiki William Logan alieleza kuwa mwenye wilbaro hiyo alikuwa Thaddeus Marshall, mchuuzi Mmarekani Mweusi wa Rutherford. Ukijua hivyo, mstari wa kutegemea unapata uzito: huenda riziki ya mtu ilikuwa humo. Hata hivyo, hiyo ni habari ya nje ya matini. Katika chumba cha mtihani, jibu lako lisimame juu ya maneno uliyopewa.

Namna ya kujibu

Jibu hafifu: "Ni shairi huru kwa sababu halina vina wala mizani."

Jibu bora: "Ni shairi huru. Kila ubeti una mshororo mrefu na mfupi. Mishororo ni mishata, jambo linalomfanya msomaji atue kwenye kila picha."

Jibu la pili linataja sifa, linatoa ushahidi na kueleza athari yake.

Yule mwanafunzi nilimrudishia alama zake mbili. Lakini muhula uliofuata hakuthubutu kuandika jambo ambalo sikuwa nimelitaja darasani. Mwalimu mwenzangu, kabla hujakata jibu usilolitarajia, rudi kwenye shairi uhesabu.