KUKAZA BULONI ZA BOMBA YA MVUKE: NGUVU NGAPI INATOSHA?



Mji wetu wa Kindu ulikua kwa nguvu ya mvuke. Njia ya reli mpaka Kongolo, kilometre 355, ilimalizika mwaka 1910, na kwa miaka mingi treni pamoja na mashua za Lualaba zilisukumwa na maji yanayochemka. Siku hizi injini ni za mazuti, lakini kazi ya mvuke haijaisha. Kule Olkaria, karibu na Naivasha katika Kenya, tangu 1981 wanapata umeme kwa mvuke unaotoka ndani ya udongo. Wengine wetu tukimaliza masomo tutaingia katika atelye na viwanda. Ndiyo sababu tunaeleza jambo ambalo wengi wanaliona ni la nguvu ya mikono tu, kumbe ni la hesabu.

1. Namna bomba mbili zinaungana

Kwenye mwisho wa kila bomba kuna sahani nene ya chuma yenye matundu pembeni. Sahani mbili zinatazamana, katikati unatia pete ya kuzuia mvuke, kisha unapitisha buloni na kukaza ekru. Wengi wanafikiri buloni inakaa pale kama msumari. Hapana! Ukiikaza inavutika, inarefuka kidogo sana, na kwa kutaka kurudi katika urefu wake wa kwanza ndiyo inabana sahani. Ni sawasawa na kamba ya mpira tunayofungia mzigo nyuma ya velo. Ikilegea, mzigo unaanguka. Ikivutwa kupita kiasi, inakatika ao inabaki ndefu bila nguvu.

2. Hesabu yake

Tuchukue mvuke wa 250°C. Presio yake ni karibu bar 40, ni kusema karibu kilo 40 juu ya kila sm². Kama pete ina upana wa sm 16, eneo ni sm² 201, na mvuke unatenganisha sahani kwa nguvu ya tani 8. Buloni zikiwa 8, kila moja inabeba tani 1.

Sasa tutazame buloni ya mm 20, ya chuma kigumu kinachoitwa B7. Eneo linalobeba ni mm² 245. Kanuni za Marekani (ASME) zinaruhusu niutoni 172 kwa kila mm², yaani tani 4 na kidogo. Basi mtu atasema: tukaze mpaka tani 4, tusipite. Lakini namba ile ni ya mwenye kuchora bomba, ili achague buloni ngapi na za unene gani. Si namba ya kle. Chuma hiki hakiharibiki mpaka karibu niutoni 720 kwa mm². Kwa hiyo mafundi mara nyingi wanakaza kufika nusu yake, 360, ndiyo tani 9.

Juu ya nini kukaza zaidi ya ile namba? Kwanza, pete inapaswa kubanwa sana ili ijaze mikwaruzo yote ya sahani. Pili, ikipata moto pete inashuka, na buloni zinalegea. Tatu, chuma chenyewe kikikaa katika moto mkali kinarefuka polepole, kama mpira uliosahauliwa juani. Kwa B7, nguvu inayoruhusiwa inaanza kushuka haraka baada ya 400°C. Karibu na 540°C haifiki hata moja ya tano. Pale wanatumia chuma cha namna ingine.

3. Hatari ya kurefusha kle

Kufika tani 9, kama buloni haina mafuta, kle ya nusu metre inataka uzito wa kilo 72: mtu mzima mmoja. Lakini mwenye haraka anavisha kipande cha bomba juu ya kle, inakuwa metre 1. Mtu yule yule, uzito ule ule, sasa anavuta tani 18, na hiyo ndiyo 720! Buloni haikatiki siku ile. Inabaki imeharibika kimyakimya, na inamngoja mwingine siku ya moto. Mafuta nayo yanapunguza msuguano: mkono ule ule unavuta buloni zaidi. Ukipaka, paka zote na upunguze nguvu.

4. Sheria za kushika

a) Kaza kwa msalaba: 1, 5, 3, 7, kisha 2, 6, 4, 8. Ukifuata mzunguko, pete inabanwa upande mmoja.

b) Kaza kwa hatua tatu: theluthi moja, theluthi mbili, kisha nguvu yote. Mwishoni zunguka tena zote.

c) Usikaze kamwe bomba iliyo na presio. Ikivuja, funga mvuke na ungoje ipoe. Tena usitafute tundu kwa mkono: mvuke mkali hauonekani. Lile wingu jeupe ni maji yaliyokwisha kupoa. Palipo na hatari utaona hewa tupu.

Wa mwaka wa tano wajaribu: buloni ya mm 16 ina eneo la mm² 157. Kwa niutoni 360 kila mm², ni tani ngapi? Atakayepata karibu 5,8 amefahamu.